Majani Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Tunawaandikia ninyi, wakulima wa koperative, kutoka huku milimani ya Walungu na Kabare. Sisi ni wafugaji wadogo. Mwenye ng'ombe wengi kati yetu ana watatu, wengine wana mmoja na ndama wake, wengine wangali wanangoja. Tunalima maharagi, muhogo, mahindi na migomba kama ninyi, na ng'ombe wetu analala nyuma ya nyumba. Hatuna ranchi. Leo tunataka kuweka mbele yenu neno moja ambalo ndani ya mikutano yetu linapitaka haraka sana.

Kila mara habari ya mradi wa mifugo inapofika kwa koperative, ulizo la kwanza ni: "Watagawa ng'ombe ngapi?" La pili: "Ni wa kienyeji ao wa kizungu?" La tatu: "Nani ataandikwa kwa liste?" Ulizo la majani linakuja mwisho, tena siku zingine halikuji kabisa. Sisi tunaona njo lingepaswa kuwa la kwanza. Kilima ambacho hakijapandwa majani hakijawa tayari kupokea ng'ombe, hata kama ng'ombe huyo ni wa bure. Tunajua neno hili halifurahishi mtu anayengoja zamu yake. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtujibu kwa mkutano wenu.

Hesabu ya tumbo moja

Tuanze na hesabu. Ng'ombe anakula kwa siku majani mabichi yenye uzito karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 mpaka 300 anahitaji basi kilo 25 mpaka 30 kila siku. Kilo 30 mara siku 365 ni kilo 10.950, ni kusema karibu tani 11 kwa mwaka mmoja. Bado maji. Bidon moja ya litre 20 haimtoshi. Mbili njo zinaelekea, na wakati wa jua ao akiwa anakamuliwa, anataka zaidi.

Sasa nani anabeba tani 11? Tusifichane: ni wamama na watoto. Kilo 30 ni mzigo mzima wa kichwa. Majani yakiwa mwendo wa saa moja, ni masaa mawili kila siku, kwenda na kurudi, mvua ama jua, siku ya soko na siku ya Mungu. Mtoto anayetumwa kutafuta majani asubuhi anafika shuleni wakati wenzake wamemaliza hesabu. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, anatembea mbali zaidi na anarudi na majani makavu ambayo hayana nguvu. Tunaita hiyo "ng'ombe wa bure", lakini kuna mtu anamulipa kila siku kwa shingo yake.

Hesabu hiyo iko na upande mwingine unaofurahisha. Ng'ombe wa kilo 250 anatoa mavi mabichi kilo 12 hivi kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 4, bila kuhesabu mkojo na majani ya kulalia. Kwa mtu mwenye nusu hektari ya udongo uliochoka, hizo tani 4 zina bei kuliko maziwa. Mfuko wa mbolea ya kiwandani unapanda kwetu kwa gari, kwa pikipiki, kisha kwa kichwa, na kila hatua inaongeza bei. Mbolea ya zizi haina safari. Lakini mavi yanatoka kwa kile alichokula. Ng'ombe mwenye njaa hatoi maziwa, hatoi ndama, na mbolea yake pia ni kidogo na haina nguvu.

Zamani ng'ombe alifungua ardhi

Wazee wa Bushi wanajua kalinzi. Mtu alikuwa anatoa ng'ombe kwa mwami ao kwa shefu, naye anapata shamba la kudumu ambalo watoto wake watarithi. Ng'ombe njo alikuwa anafungua mlango wa ardhi. Na kilimani kulikuwa malisho ambako ng'ombe wa wengi walikula pamoja.

Ardhi hiyo imepungua kwa njia nyingi. Tangu wakati wa Wabelgiji, sehemu nzuri zilienda kwa mashamba makubwa ya chai na kwinini. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali, na mwenye karatasi ya mji akawa na nguvu kuliko mwenye neno la kalinzi. Watoto nao wamezaliwa, na shamba la babu limegawanyika mara tatu, mara ine. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikapita, na ng'ombe wengi wakaibiwa ao wakachinjwa. Mizizi mingi ilibaki tupu, na mpaka leo kuna jamaa ambazo hazijapata tena hata ndama mmoja.

Tunaeleza haya ili tuelewane kwa jambo moja. Ng'ombe anayerudi kwetu leo kupitia mradi hakuti tena kilima kile cha zamani. Anakuta uwanja wa nyumba, migomba kidogo, na jirani mwenye maharagi mita tano kutoka kwa kamba yake. Ile namna ya kufuga ya babu zetu ilikuwa na akili kwa wakati wao, sababu malisho yalikuwako. Leo ardhi njo inapaswa kumufungulia ng'ombe mlango.

Ndama anayengojewa na jirani

Miradi mingi inatumia zunguko: jamaa moja inapokea jike, na mzao wa kwanza wa kike unaenda kwa jamaa inayofuata. Tunapenda mpango huu. Unafanya watu wachunge pamoja, na hakuna anayebaki mwombaji siku zote. Lakini tumeona mahali unapovunjika, na mara nyingi haivunjiki kwa wizi wala kwa roho mbaya. Inavunjika kwa njaa.

Ng'ombe aliyekonda hatafuti dume. Hata akipelekwa kwa dume, hashiki mimba vizuri. Mimba yenyewe ni miezi tisa. Basi mwaka wa kwanza unapita bila ndama, wa pili pia, na jirani anayengoja anaanza kusema: "Banatuficha." Mwenye ng'ombe anaona aibu, kisha anaona hasira. Siku moja mtoto anafukuzwa kwa sekondari juu ya minervali, ng'ombe anaenda soko ya Mugogo na kuuzwa kwa bei ya mifupa. Koperative inaitisha mkutano kutafuta mwenye kosa. Sisi tunasema mkutano ule ungefanyika miaka mbili mbele, na ulizo lingekuwa: majani yako yanatosha miezi ngapi?

Ng'ombe wa kizungu ni hivyo hivyo na kuzidi. Ana mwili mkubwa, basi tumbo kubwa. Anapatwa upesi na ugonjwa wa kupe, anataka dawa ya kuogeshwa mara kwa mara na veterineri aliye karibu. Akilishwa vizuri analipa kweli. Akilishwa kama wa kienyeji, anakufa mbele ya yule wa kienyeji. Kwa mtu mwenye shamba kidogo, ng'ombe mdogo wa kwetu, ao wa kuchanganya damu, akiwa ameshiba, ni bora kuliko mkubwa mwenye njaa.

Majirani zetu wa Rwanda walianza mpango wa Girinka, ng'ombe mmoja kwa kila jamaa maskini, mwaka wa 2006. Pale pia kumekuwa na magumu yake, lakini kuna sharti moja tunaloliona la maana: anayetaka kupokea anapaswa kuwa na kipande cha ardhi chenye majani yaliyopandwa, na kuwa amejenga zizi. Sisi hatuombi kuiga kila kitu. Tunaomba sharti hilo moja.

Je, ng'ombe anakula chakula cha watu?

Kuna wenzetu ndani ya koperative wanaosema: "Ardhi imekuwa kidogo, tuache ng'ombe, tulime chakula." Ni neno la kweli mahali pengine. Ng'ombe anayeachiliwa bila mchungaji akala mtama wa mjane, huyo anakula chakula cha watu wazi wazi. Wakati wa kiangazi kesi nyingi zinazofika kwa shefu zinatoka pale: mashina yameliwa, uzio umevunjwa, mapanga yametoka. Katika eneo letu kesi kama hizo zimekwisha kuua watu. Anayefuga anapaswa kulijua hilo mbele ya yote.

Lakini ng'ombe aliyefungwa zizini anaweza kula vitu ambavyo hakuna mtoto atakula mezani: majani ya viazi vitamu baada ya kuvuna, maganda ya maharagi, mashina ya mahindi, magome ya mgomba, dreshi ya bia kwa wale walio karibu na barabara. Na anaweza kula majani yaliyo kwa ukingo wa shamba, mahali ambapo hata muhogo haukupandwa. Akila hivyo, anageuza takataka na ukingo kuwa maziwa na mbolea, na mbolea inarudi kuwa maharagi. Ng'ombe wa namna hii haibi chakula; anakiongeza.

Tuangalie tu jambo moja: mgomba. Tangu mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka wa 2001, umetembea Kivu yote. Usikate mgomba mgonjwa ukaupeleka zizini, usimuachie ng'ombe wala mbuzi aingie katika shamba lenye ugonjwa, na kisu kipitishwe kwa moto kila mara. Faida ya magome haifikii hasara ya kupoteza migomba yote.

Tena, si kila baki la shamba ni la ng'ombe. Udongo nao unataka kula. Mtu anayetoa mashina yote ya mahindi kwa zizi, kisha mbolea ya zizi anaitupa yote kwa migomba ya nyumbani, anakausha shamba la juu. Kile kilichotoka kwa shamba kinapaswa kurudi kule, hata kama kinarudi kwa kitunga kichwani.

Mstari mmoja, kazi mbili

Mvua ya mwezi wa tisa ikianza kunyesha, angalieni rangi ya mito yetu. Ule wekundu ni udongo wa mashamba yetu unaoenda kwa ziwa. Erozyo inachukua kwanza ile sehemu ya juu yenye mafuta, na inaacha mawe.

Wakati wa ukoloni watu walichimbishwa mitaro ya kupinga erozyo kwa nguvu. Kazi ya fimbo haipendwi. Fimbo ilipoondoka, mitaro mingi iliachwa, na wazee wengine mpaka leo wakisikia neno "kupinga erozyo" wanakumbuka capita na daftari lake. Tunaelewa. Lakini mstari wa majani hauhitaji fimbo, sababu unalipa mwenyewe.

Panda mabingobingo, tripsakum ao setaria kwa mistari inayokata kilima, si inayoteremka nacho. Ili upate usawa, funga miti mitatu kwa umbo la A, ning'iniza kamba yenye jiwe katikati, na pima hatua kwa hatua. Kilima kikiwa kikali, mistari ikaribiane. Kikiwa cha taratibu, iachane. Kata vipande vya mabingobingo vyenye macho matatu, mawili yafukiwe, moja likae nje. Ongeza kaliandra kati yao: majani yake yana nguvu ya kujenga mwili, na mti wake unapika bugali. Majani yakifika urefu wa mita moja hivi, kata, ukiacha shina la kiganja kimoja. Usingoje yawe miti; majani mazee yanajaza tumbo lakini hayatoi maziwa.

Mstari huo unashika udongo wakati wa mvua, na unalisha zizi mwaka mzima. Baada ya miaka mbili tatu udongo unajikusanya nyuma yake, na kilima kinaanza kuwa ngazi bila mtu kuchimba. Kati ya robo na nusu ya hektari ya mabingobingo yanayopata mbolea inaweza kubeba sehemu kubwa ya chakula cha ng'ombe mmoja mdogo. Sehemu hiyo si lazima iwe pamoja. Inaweza kutoka kwa mistari, kwa ukingo wa njia, kwa mipaka, na kwa mabonde madogo ambayo maji yanayakula.

Kwa kiangazi, mwanzo wake njo mwezi wa tano. Majani yanapokuwa mengi, kata na kausha kivulini, ao ukatekate na kuyashindilia ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa. Mwenye akiba ya kiangazi hatembei usiku kutafuta majani kwa shamba la mtu.

Mwenye kukodi afanye nini?

Hapa njo pagumu, na hatutaki kupaficha. Wengi wa memba wetu hawana shamba lao. Wanalima kwa bwasa: wanalipa saizoni moja ao mbili, kisha wanatoka. Na mwenye ardhi anakataza kupanda kitu cha kudumu. Hataki mti, hataki mgomba, hataki majani ya miaka mingi, sababu anaogopa kesho mpangaji aseme: "Nimepanda, ni pangu." Woga wake una msingi wa desturi. Lakini matokeo ni haya: mtu maskini kuliko wote hawezi kupanda majani, basi kwa sharti letu la "majani kwanza" atakuwa wa mwisho kupata ng'ombe. Mtu akitupinga kwa ukweli huu, ametupinga vizuri.

Jibu letu ni kwamba kazi hii si ya mtu mmoja. Ni ya koperative. Mpangaji peke yake hana sauti mbele ya mwenye ardhi. Koperative yenye memba wengi inayo. Inaweza kukaa na mwenye ardhi, shefu wa groupement na mashahidi, wakaandika karatasi rahisi: majani ya kwenye mistari yanalinda shamba la mwenye ardhi, mpangaji anakata, haimilikishi ardhi, akitoka, mistari inabaki. Mwenye ardhi anapata shamba lisiloharibika, mpangaji anapata chakula cha ng'ombe. Wote wanapiga sahihi, na nakala moja inakaa kwa koperative.

Vivyo hivyo kwa wenye konsesyo kubwa. Kuna mahali ambapo hektari nyingi zimelala, na watu kando yake wanagombana juu ya ukingo wa mita mbili. Hatusemi watu waingie kwa nguvu. Tunasema koperative iombe kwa barua, iombe tena, tena iombe mbele ya teritware, kupewa hata ukingo ao bonde la kupanda majani kwa miaka inayojulikana. Mwenye konsesyo anayekataa mbele ya watu wote angalau ataeleza sababu.

Na kwa yule asiyepata hata hilo, tusimdanganye na ng'ombe. Tumuanzishe na kobayi, sungura, kuku ao mbuzi mmoja. Kobayi wanashiba kwa majani ya kiganja, wanazaa upesi, watoto wanakula nyama, na mbolea yao inatosha bustani ya lengalenga. Mnyama mdogo aliyeshiba ni chakula. Ng'ombe asiyeshiba ni deni.

Maziwa ya msimu mmoja

Angalieni Bukavu, soko la Kadutu. Maziwa ya unga kutoka mbali, maziwa ya pakiti kutoka nchi jirani, yako pale kila siku, mvua na jua. Ya kwetu yanakuja wakati wa mvua, mengi kwa mara moja mpaka bei inaanguka, kisha kiangazi yanapotea. Mama mwenye kuuza chai hawezi kumngojea ng'ombe wetu mpaka mwezi wa kumi. Ananunua unga, na anazoea unga. Tunalaumu mpaka, tunalaumu taxe, na taxe za barabarani ni nyingi kweli. Lakini sehemu moja ya kesi hii iko mikononi mwetu: ng'ombe anayekula kiangazi anakamuliwa kiangazi, wakati bei ni nzuri.

Tuongeze usafi. Maziwa mabichi yanaweza kupitisha kwa mtu ugonjwa wa kutoa mimba wa ng'ombe, ule madaktari wanauita brusela, na hata kifua kikuu. Yachemshwe, hata kama babu alikunywa mabichi. Ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku alizotaja veterineri zimalizike. Mnunuzi akiugua mara moja, hatarudi kwa maziwa ya milimani.

Na mbele ya soko, nyumba. Ng'ombe wa kienyeji anatoa litre moja ao mbili kwa siku juu ya ile ndama anayonyonya. Zote zikienda Bukavu, na mtoto wa nyumba anakula bugali na sombe tupu, ufugaji huo umemfaidia nani? Tunapendekeza kila jamaa iamue kipimo kinachobaki nyumbani mbele ya kupima cha kuuza, tena mama njo ashike kikombe hicho.

"Majani haiwezi kulipa minervali"

Neno hili tunalisikia sana. Eti mtu hawezi kungoja majani mwaka mzima wakati shida ni za leo. Ni kweli majani hayana sifa. Hakuna mtu anapiga picha na mstari wa setaria, na mgeni wa mradi hapigiwi ngoma juu ya kaliandra. Lakini majani yanauzwa. Wakati wa kiangazi mzigo wa majani una mnunuzi, na vipande vya kupanda vina mnunuzi kila mwanzo wa mvua. Mwaka mmoja wa kupanda si mwaka wa kupotea. Ni mwaka ambao udongo unaacha kuteremka, mbuzi anashiba, na zizi linajengwa pole pole, lenye paa na sakafu isiyolowa ili mbolea isichukuliwe na mvua. Ng'ombe akifika, anakuta meza imetandikwa.

Mwingine anasema: "Mradi ukipita hautarudi, tuchukue ng'ombe, majani tutatafuta." Huo woga tunauelewa, sababu miradi kweli inapita. Lakini ng'ombe aliyekufa kwa njaa naye amepita, na liste ya wanaongoja imebaki.

Tunayoomba

Kwa koperative: mwandike ndani ya sheria zenu za ndani kwamba hakuna memba anaingia kwa liste ya ng'ombe mbele ya kamati kutembelea majani yake, na kamati hiyo iwe na wamama, sababu wao njo wanajua mzigo. Mwanzishe shamba moja la pamoja la vipande vya kupanda. INERA ya Mulungu iko hapa hapa Kabare. Agronomu wenu aende kuuliza aina zinazofaa kwa urefu wa kilima chenu.

Kwa mashirika, pamoja na lile linalochapisha gazeti hili: msihesabu tu ng'ombe waliogawiwa. Hesabuni wanaoishi baada ya miaka mitatu, na ndama waliofika kwa jirani. Leteni vipande na agronomu mwaka wa kwanza, ng'ombe mwaka wa pili. Kama pesa za mradi zinapaswa kuisha ndani ya miezi kumi na mbili, basi mpango huo haufai kwa mnyama anayebeba mimba miezi tisa.

Kwa Serikali: mwaka wa 2003, kule Maputo, wakubwa wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo na maendeleo ya vijiji. Kwa miaka mingi nchi yetu haikufika pale. Mkulima mdogo haombi kila kitu. Barabara moja ya kuteremsha maziwa, chanjo inayofika kwa wakati, na veterineri anayelipwa ili asiishi kwa kuuza dawa za kwetu, hizo tatu zingetosha kuanza.

Na kwetu sisi wenyewe, mbele ya Saizoni A: tuchague ukingo, tupime kwa ile fremu ya miti mitatu, tutayarishe vipande, tukae na mwenye ardhi. Mvua ya mwezi wa tisa haingoji mkutano. Koperative ambayo haikubaliani nasi iandike kwa gazeti hili na ituonyeshe namna yake ya kulisha ng'ombe mwezi wa nane. Tutafurahi kuisoma, na kama ni nzuri tutaipanda.